Mama von Meck alitoa hela na hakutaka kupigwa picha

Kila nikiona mfadhili ameshika hundi ya mfano kubwa kama mlango, msanii kijana pembeni anacheka kwa kulazimisha, namkumbuka mama mmoja wa Urusi wa karne ya 19, Nadezhda von Meck. Huyu alimlipa Tchaikovsky, yule mtunzi wa muziki wa okestra, kwa karibu miaka 13, na sharti lake kubwa lilikuwa moja tu: tusionane.

Hela alitoa wapi? Kwenye reli. Mumewe Karl alikuwa injinia wa serikali, mshahara wa kubana, mama ndo akamsukuma aache kazi aingie kwenye biashara ya reli, na enzi hizo Urusi ilikuwa inajenga reli kwa kasi, basi wakatajirika kweli kweli. Mzee akafariki 1876, akaacha mjane na watoto 11 na mali ya kutisha, na huyo mjane alikuwa anapenda muziki kupitiliza.

Nyumbani kwake kulikuwa na kijana mpiga violin, Kotek, ambaye alikuwa mwanafunzi wa Tchaikovsky, ndo huyo akawa anamsimulia mama habari za mwalimu wake. Mama akaanza kumpa Tchaikovsky vikazi vidogo vidogo vya kupanga muziki na kumlipa bei ambayo haiendani kabisa na kazi. Halafu 1877 jamaa akaoa, ndoa ikamshinda ndani ya muda mfupi sana, akachanganyikiwa, madeni nayo yamemkaba, mama akamtoa kwenye madeni kisha akampangia rubli 6,000 kila mwaka. Mwaka uliofuata Tchaikovsky akaacha kufundisha pale Konsavatori ya Moscow, yaani chuo cha muziki, akawa anatunga tu.

Hapo ndo pana utamu wenyewe. Ile haikuwa zawadi ya siku moja, ilikuwa mshahara, unaujua unakuja na mwakani utakuja tena, na mwenye hela hakai mlangoni kuuliza wimbo umefika wapi. Msanii akijua kodi ya nyumba imelipwa anaweza kukaa na kitu kimoja hadi kiive, lakini ukimpa hela nyingi mara moja halafu ukapotea miaka mitatu, hela inaishia kwa wenye madeni na ndugu wa kijijini, mnabaki kumlaumu hana nidhamu.

Simfonia ya Nne ya Tchaikovsky, yaani muziki mrefu wa okestra, aliitunga kipindi hichohicho akaitoa kwa "rafiki yangu bora". Jina la mama halipo pale, mwenyewe hakutaka liwepo. Hebu niambie kampuni gani leo itakubali hivyo!

Na wasionane kweli hawakuonana, barua tu, zaidi ya 1,200 ukijumlisha za pande zote mbili. Ajali ya kukutana ilitokea 1879, Tchaikovsky akiwa amekaa kwenye shamba la mama huyohuyo, gari la farasi la huyu na la yule yakapishana njiani msituni, akavua kofia, basi, kila mtu akaenda zake bila neno.

Wengine aliowasaidia hawasemwi sana. Wieniawski, mpiga violin maarufu, alipougua akachukuliwa nyumbani kwa mama Moscow akauguzwa hadi akafia humo, 1880. Mwaka huohuo akaajiri kijana wa Kifaransa bado hajulikani na mtu, kazi yake kufundisha watoto na kupiga piano pamoja na mama, familia ikisafiri naye yumo. Huyo kijana ni Debussy, baadaye akawa mtunzi mkubwa wa Ufaransa. Mama akamtumia hadi Tchaikovsky kipande kimoja cha piano cha dogo, mkubwa akasema ni kizuri ila kifupi mno. Ndo connection za mjini zenyewe hizo, kijana analipwa na kazi yake inasomwa na mkubwa wa fani.

Sio kwamba alikuwa malaika. Watoto wake aliwaendesha kama askari, hadi ndoa zao alizipanga yeye, mmoja akamwozesha mpwa wa Tchaikovsky.

Halafu 1890 akamkatia Tchaikovsky hela. Akasema mambo ya hela yameharibika, barua nazo zikaisha. Wengi wanamlaumu hapa na mimi siwaelewi. Alikuwa anaumwa, familia ina matatizo yake, na hela ya mwaka mzima alishaitanguliza. Tchaikovsky mwenyewe tangu 1888 alikuwa anapokea pensheni ya rubli 3,000 kwa mwaka kutoka kwa mfalme, njaa hakuwa nayo. Kilichomuuma ni kudhaniwa kwamba bila hela angemsahau, na alimjibu hivyohivyo kwa uchungu. Nakubaliana naye kwenye hilo, barua za miaka 13 zilistahili kuagwa vizuri, ila kwenye rubli zake mama hadaiwi na mtu.