Losheni ya jua haitoki kwenye njaa

Juzi shemeji yangu alirusha video kwenye grupu la familia. Bwana mmoja anasema tusihangaike na bahari kupata joto, vijimwani, yaani mwani mdogo sana usioonekana kwa macho, vina losheni yake. Jua likizidi, navyo vinazidisha. Nimelala na hasira.

Nusu ya maneno yake ni kweli, sikatai. Ukikanyaga bwawa la chumvi lililokaribia kukauka, maji ya rangi ya waridi yanayokuganda miguuni huwa kwa sehemu ni kazi ya Dunaliella salina. Chumvi ikipanda, jua likiwaka na nitrojeni, chakula chake muhimu, ikipungua, kijimwani hicho cha kijani hujijaza beta-karotini, ile rangi ya karoti inayokikinga na jua, hata kufikia sehemu moja ya kumi ya uzito wake mkavu. Lakini wakati huohuo kuzaana kwake kunadorora. Hilo bwana yule hakulisema.

Tena beta-karotini haina nitrojeni ndani yake, ndiyo maana njaa ya nitrojeni haiizuii. Maikosporini, kemikali zinazonasa miale ya urujuanimno, ile ya jua inayounguza, kwenye vijimwani vingi vya baharini, ni habari nyingine kabisa. Zimejengwa kwa nitrojeni. Jua kali huamrisha zitengenezwe, sawa, ila nitrojeni ikikosekana zitatengenezwa kwa kitu gani? Kijimwani chenye njaa hubaki na kinga haba chini ya jua lilelile. Dhiki moja inaleta ngao, dhiki nyingine inainyang'anya, na bahari ikipata joto, mara nyingi huja pamoja.

Mdogo wangu ana ualbino. Losheni ikiisha na ya zahanati haijafika, huipasua chupa kwa kisu, akakwangua mabaki kwa kidole, akaanza na masikio, kisha pua, kisha shingo. Mikono haifikiwi. Sijawahi kuona jua likimtengenezea losheni kwa sababu limemchoma zaidi.

Matumbawe nayo hutegemea vijimwani vinavyoishi ndani yake, kwa chakula na kwa sehemu ya maikosporini zake. Mwaka 1998 maji yalipopata joto kupita kiasi, matumbawe ya pwani yetu yalivitoa vijimwani hivyo, yakapauka, na mengi yakafa. Yalipoteza mpishi na mwavuli kwa mpigo mmoja, jua likiwa utosini.

Shemeji, usiniambie bahari itazoea. Nimekutumia picha ya ile chupa iliyopasuliwa. Itazame vizuri, halafu tuongee.