Si kila rafiki ni mchumba mtarajiwa

"Watabusiana lini?" Swali hilo ndilo linaloharibu raha ya Platonic, komedi ya Apple TV+ iliyoanza 2023. Sylvia (Rose Byrne) ana mume na watoto watatu. Will (Seth Rogen) ni mtengeneza bia wa Los Angeles, ndoa yake imevunjika. Ni marafiki wa zamani waliowahi kukosana kwa sababu Sylvia hakumpenda mwanamke aliyemwoa Will, sasa wamepatana. Basi! Vipindi kumi vya msimu wa kwanza, na bado mtu anachungulia kitanda.

Lawama nusu ni ya waandishi wa komedi nyingine, waliotuzoesha vibaya: lifti inakwama, hoteli imebakiwa na chumba kimoja, mmoja anaona wivu harusini, msimu wa tatu wanabusiana. Halafu wanashangaa utani umepooza! Kicheko kilikuwa kinalishwa na lile lisilosemwa. Likishasemwa, wanabaki wawili wakigombania sahani chafu.

Hapa mvutano umewekwa kwingine: kwa Charlie, mume mstaarabu wa Sylvia, asiyejua aone wivu au aone aibu kwa kuuona. (Charlie, kwa kweli, ndiye anayechekesha kuliko wote.) Mtazameni yeye.