Chupa Iliyogoma Kuchorwa

Kabla hamjaanza kumwonea huruma mama mkwe wangu, naomba ieleweke kwamba mwenye hatia katika habari hii ni chupa. Mimi nilifuata maelekezo. Chupa ndiyo iliyoficha asili yake.

Mama alikuwa amekuja kukaa nasi, nami nikaamua kumtengenezea zawadi kwa mikono yangu: chupa ya mdomo mpana ya kuwekea vifungo vyake, yenye sura ya vitu vya zamani, imeandikwa MAMA kwa herufi nyeupe zenye ukungu, shingoni imevishwa lesi. Mke wangu alisema, "Mnunulie tu viatu." Nikamjibu kwamba viatu huchakaa, lakini kilichochorwa kwenye kioo hakifutiki maisha. Jibu hilo nimekuja kurudishiwa mara nyingi sana, hasa wakati wa kula.

Kwa wasioijua, krimu ya kuchora kioo ni ute mzito mweupe, lakini si rangi. Ndani yake mna chumvi za floridi, na floridi ni kati ya vitu vichache vinavyoweza kuila silika, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya kioo. Unabandika stensili, yaani karatasi ya kunata yenye matundu ya umbo la herufi, unapaka krimu nene juu ya matundu yake, unasubiri dakika zilizoandikwa, unasuuza. Pale ilipogusa, uso wa kioo unabaki na vijishimo vidogo visivyohesabika, mwanga unatawanyika, panaonekana peupe. Ni kitu cha kuheshimu pia. Ikigusa ngozi inaweza kuunguza bila kuuma mwanzoni, maumivu yaje baadaye wakati umeshasahau. Kwa hiyo nilivaa glavu za mpira, miwani ya kukinga macho na shati la mikono mirefu, nikafungua madirisha yote. Hata beseni la kusuuzia lilikuwa la plastiki, kwa sababu sinki la kauri lina ngozi ya kioo juu yake, na krimu haichagui. Mke wangu alichungulia mlangoni akauliza mgonjwa yuko wapi.

Kazi ngumu ilikuwa stensili. Herufi M haina maneno. Herufi A ina kipembetatu katikati ambacho hakijashikana na chochote. Lazima ukichukue kwa kibano ukibandike peke yake, na MAMA ina A mbili. Kimoja kilipotea. Tukainua mkeka, tukasogeza viti, mtoto akaingia chini ya meza na tochi, mwishowe kikaonekana kimeganda kwenye kiwiko changu. Nilijifariji kwamba zawadi ingekuwa ya baba mkwe ningeteseka zaidi, maana B ina matundu mawili.

Nilipomaliza kukandamiza kingo kwa mgongo wa kijiko, ili krimu isipenye chini ya stensili, mke wangu aliigonga chupa kwa kucha. Ikasema tok.

"Kioo hulia," akasema.

Nikamweleza kwa upole kwamba kioo kinene hakilii ovyo.

Maelekezo yalitaka dakika 5, na mimi ni mtu wa kufuata muda. Simu yangu ilikuwa imezima chaji. Juu ya meza palikuwa na simu ya Mama, mpya, aliyonunuliwa na wanawe kwa mchango, haina protekta kwa sababu Mama hapendi kugusa kitu kilichofunikwa. Nikamwomba. "Chukua, mwanangu," akasema, akaenda zake kulala kidogo. Nikapaka krimu, nikafungua kipima muda, nikabonyeza kuanza. Simu haikuitikia kidole chenye glavu. Nikabonyeza tena kwa msisitizo, nikakizungusha kidole kidogo, ikakubali. Muda ulipokwisha ikalia, nikabonyeza kusimamisha, palepale. Kisha nikaifuta vizuri kwa kitambaa chenye maji, kwa sababu kitu cha mkwe hakirudishwi kichafu. Iling'aa.

Hapa kuna tabia moja ya kioo ambayo msipoijua hamtanielewa. Kioo kilichochorwa kikiwa kimelowa hakionyeshi chochote. Maji yanajaza vile vijishimo, mwanga unapita moja kwa moja, na unaweza kuapa kwamba krimu ilikuwa mbovu. Kikikauka ndipo ukungu unapojitokeza. Wanaoanza kazi hii hukata tamaa kwenye beseni. Mimi nilikuwa nimesoma, kwa hiyo niliibandua stensili, nikaisuuza chupa, nikaiona iko wazi kabisa, nikatabasamu. Nikaiacha ikauke.

Ikakauka. Nikaiinua kwenye mwanga. Nikaigeuza. Niliona upande wa pili wa chumba, mke wangu akiwemo, kwa usafi mkubwa.

Nikaanza upya. Safari hii krimu nene zaidi, muda mrefu zaidi, na simu ile ile kunihesabia. Ilipogoma nikaongeza muda tena. Na kila nilipopaka kulikuwa na kubonyeza kuanza, na kubonyeza kusimamisha, na kitambaa chenye maji.

Mwisho niliamua kwamba MAMA ataandikwa kwenye karatasi. Nikachovya lebo kwenye chai ya rangi ili izeeke, nikaikausha, nikaichoma kingo kidogo kwa kiberiti. Nikaizungushia chupa kitambaa cha gunia, juu yake lesi, juu ya lesi kamba ya katani, kwenye kamba nikaning'iniza ufunguo wa shaba usiofungua kitu, nikamalizia na vifungo vya lulu bandia. Nilitumia gundi ya moto. Gundi hiyo kwenye kioo laini haikai. Mara nyingi ikishapoa unaweza kuibandua kwa ukucha. Hapa ilishika kwa nguvu ya ajabu. Hata hilo nikalihesabu kuwa ni ufundi.

Mama akaamka, akaketi sebuleni na simu yake kumpigia mdogo wake kwa video. Nikasikia anasema, "Mbona umeota ndevu nyeupe?"

Mdogo wake akakana.

Mama akaifuta simu kwa upindo wa nguo. Hakuna mabadiliko. Akalowesha kidole kwa mate, akasugua, ndevu zikatoweka. "Haya, sasa nakuona." Wakaongea kidogo. Kidole kikakauka. Ndevu zikarudi. Akalowesha tena, zikaondoka, akasubiri, zikarudi. Akavua miwani yake, akaifuta, akaivaa, akaitazama simu kwa mbali, kisha kwa karibu. Akasema polepole, "Mwanangu, macho yangu yameanza tena."

Mimi nilikuwa nimeshika chupa. Sikusema kitu, kwa kuwa ndani ya kichwa changu vijishimo, maji na mwanga vilikuwa vimeanza kupangana, na sikuwa na haraka ya kuona vinafika wapi. Mke wangu hakuitazama simu. Alinitazama mimi, kisha kidole changu, kisha mimi.

Nikainuka ghafla kwenda popote. Ufunguo wa shaba ukanasa kwenye kitambaa cha meza, chupa ikanichomoka mkononi. Mke wangu akapiga ukelele. Mama akainua miguu yote miwili juu ya kiti asikatwe na vipande. Chupa ikafika sakafuni, ikaruka. Ikatua, ikaruka tena kwa madaha, lesi ikipepea, ikabingirika hadi chini ya kiti cha Mama ikatulia, nzima, na kila kifungo mahali pake.

Kimya. Kwenye simu mdogo wake Mama akauliza kimetokea nini.

Mke wangu akaiokota, akaigonga kwa kucha. Tok.

"Plastiki," akasema.

Nikapinga. Nikasema kuna vioo vya siku hizi vigumu sana. Hakubishana. Aliniuliza swali moja tu: hiyo krimu inayokula kioo, yenyewe inauzwa ndani ya chupa ya nini? Nikaenda kuangalia. Ni plastiki, bila shaka, kwa sababu floridi haina habari na plastiki, na kama ingekuwa nayo ingekuwa imeshatoboa chombo chake na kumwagika kabatini kabla sijaifungua. Jioni nzima nilikuwa nimemsihi adui wa kioo apigane na mtu wa ukoo wake. Kioo cha kweli kilichokuwepo kwenye meza ile kilikuwa kimoja, na hicho aliking'ata bila kusihiwa.

Nilitaka kuokoa heshima kidogo. Nikawaambia kwamba wakubwa nao yamewakuta. Mwaka 1771 mkemia Carl Wilhelm Scheele wa Uswidi alichemsha madini yenye floridi pamoja na asidi kali ndani ya chombo cha kioo, na mvuke uliotoka ukamlia chombo chake mwenyewe. Kwa jaribio hilo yumo kwenye historia ya kemia hadi leo.

"Huyo bwana aliishi miaka mingapi?" mke wangu akauliza.

"Miaka 43."

"Nenda kanawe mikono tena."

Nilipotoka kunawa niliketi mbele ya Mama, nikatoa maelezo yote kwa adabu, kuanzia silika. Nikaahidi kumbadilishia kioo cha simu. Alinisikiliza hadi mwisho huku akiigeuzageuza chupa. Akaivuta lesi, ikashika. Akaiangusha makusudi, ikaruka, akacheka. Akasema vifungo vyake vimeshavunja chupa nyingi kwa sababu wajukuu hawajui kushika, na hii anaondoka nayo.

Kisha simu ikaita. Akaishika, akaitazama, akaweka kidole moja kwa moja juu ya lile doa jeupe, chini kabisa ya kioo, akaivuta, ikapokelewa. Siku zote Mama huhangaika kupokea simu, hupapasa hadi anayepiga akate, tena hukasirika akiambiwa. Aliongea, akaaga, akanigeukia na uso ambao sikuwa nimeutegemea.

"Hapo pa kupokelea umepaweka vizuri, mwanangu," akasema. "Sasa nitilie na pa kukatia."