Usiku wa Kuamkia Sensa

Sensa ya mwaka 2022 ilinikuta sina kazi. Nilipopata ukarani niliupokea kwa mikono miwili bila kuuliza napelekwa wapi. Nikapelekwa Usambara Mashariki, kitongoji kimoja kilichojificha kule nyuma ya Amani. Bodaboda aliyenitoa Muheza alinishusha, akatazama viatu vyangu, akacheka peke yake, akageuza.

Mimi ni mtoto wa Muheza mjini. Ule msitu nimekua nikiuona kwa mbali, wa bluu, mzuri kama picha ya kalenda. Hakuna aliyeniambia kwamba ule ubluu ni maji. Agosti kwetu mjini ni vumbi. Kule Agosti ni kiangazi kwa maana kwamba mvua inapumzika kidogo ili ukungu nao upate zamu. Siku ya pili chumvi yangu ilikuwa mchuzi. Kiberiti ukikikwaruza kinapukutika kichwa bila hata cheche. Viatu vya ngozi vikaota ndevu. Suruali nilikuwa nazo tatu. Mbili nilizifua Jumatano, na Jumatatu iliyofuata bado zilikuwa mbichi kambani kama zimetoka kwenye beseni dakika ile ile.

Bibi jirani yangu alizishika upindo, akatikisa kichwa. "Hizi mpaka uzikaushe juu ya moto, mume wangu. Kama iliki."

Bibi huyo, tangu siku niliyomwamkia shikamoo kwa mara ya kwanza, alikuwa ananiita mume. Utani wa bibi na mjukuu, kila mtu anaujua. Likumbukeni tu hilo neno, litarudi.

Sasa perere. Usiku wangu wa kwanza nilisikia mlango wenye bawaba mbovu ukifunguliwa juu ya mti. Ukalia krrr, krrr, ukapanda, ukapanda, mwisho ukawa ukelele wa mtu anayenyongwa na anajua ananyongwa. Nikatoka mbio: "Jamani! Anauawa mtu huku!" Wanaume wakaja na mapanga na tochi, wengine vifua wazi. Mwenyekiti wa kitongoji akainua mkono watu wanyamaze. Sauti ikarudia. Akanitazama kwa huruma.

"Karani, huyo ni perere."

Kimnyama cha ukubwa wa sungura! Watu wakarudi kulala bila hata kunisema, jambo lililoniuma kuliko kusemwa. Kesho yake watoto wakaacha kuniamkia kwa salamu, wakawa wananililia kiperere. Nikaapa sitatoka tena nje usiku kwa sauti yoyote, hata ikiniita kwa jina.

Ukafika usiku wenyewe, wa kuamkia Jumanne tarehe 23 Agosti. Kishikwambi nilikuwa nimekichaji kwa sola ya mwenyekiti mpaka kimeshiba, kizibao cha kung'aa kiko juu ya kiti. Suruali ya tatu, pekee iliyokuwa kavu, nililala nimeivaa ili joto la mwili liilinde na ukungu.

Kama saa nane usiku hivi, panya wa darini, ambao kila siku hucheza mpira kwenda na kurudi, walipita wote kwa mkupuo kuelekea upande mmoja na hawakurudi. Mende wakaanza kushuka ukutani, wengine wakikimbilia kitandani kwangu kama wanaomba hifadhi. Mtu mwenye akili angejiuliza. Nikasikia na sauti dirishani, nikajibu nikiwa nusu usingizini: "Perere huyo." Nikavuta blanketi.

Siafu wana adabu moja mbaya: hawaumi wakifika. Wanapanda kimya kimya, wanajipanga, kila mtu anachukua nafasi yake, halafu wanauma wote pamoja, kana kwamba kuna aliyepuliza filimbi. Filimbi ilipopulizwa, mimi niliruka. Miguu ikatua sakafuni na sakafu ikasogea.

Nilitoka nje na ukelele ambao, wameniambia baadaye, ulianzia chini na kupanda ngazi kwa ngazi. Nyumba ya kwanza nikasikia mtu akiuliza, "Perere?" Nyumba ya pili ikajibu, "Hapana, karani." Ya kwanza ikasema, "Aa," na tochi ikazimwa.

Suruali niliivua uwanjani, mvuani, nikaitupa nisikojua. Hapo ndipo mlango wa jiko la Bibi ulipofunguka. Akasimama na kibatari, akanikagua kutoka juu mpaka chini bila haraka yoyote, kisha akanirushia kanga. Ilikuwa imeandikwa *Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake*. Aliyetunga hakuwahi kulala na siafu.

Akanikalisha kando ya moto, akamwaga majivu mlangoni mstari mzima, akaanza kunichambua mgongo kama anachambua mchele. Siafu ukimvuta, mwili unakatika, kichwa kinabaki kimeng'ata palepale, meno yamezama, hakijapata habari kwamba kimeshakufa. Bibi alikuwa anavitoa kwa kucha, kimoja kimoja, anavitupia motoni. Vinalia: tsi.

"Bibi, kishikwambi cha serikali kimo ndani!"

"Kinaliwa?"

"Hapana."

"Basi tulia. Waache wafagie. Wakimaliza hutaona mende wala panya humo. Wewe mwenyewe hata ufagio sijakuona nao."

Pembeni yangu kuku sita walikuwa wamelala kwenye tenga. Nikauliza kwa nini kuku wako ndani. Akasema siafu aliwaona tangu jioni wakikata njia, ndipo akawahamisha.

"Na mimi mbona hukuniambia?"

"Nimekuja dirishani nimekuita, mume wangu. Umenijibu mimi ni perere."

Wajerumani walifungua kituo cha utafiti hapo Amani mwaka 1902, wakaleta mimea ya kila pembe ya dunia kuijaribu. Katika yote hiyo, usiku ule nilihitaji mmoja tu wa kujichimbia chini yake.

Alfajiri siafu walikuwa wameshaondoka. Nyumba ilikuwa safi ya kutisha. Mende hakuna, buibui hakuna, na dagaa wangu niliowafunga kwenye gazeti hawakuwepo, gazeti liko vile vile limefungwa. Kishikwambi kizima. Suruali niliikuta chini ya mdalasini, imejaa maji, jogoo amesimama juu yake.

Mwenyekiti alifika saa kumi na mbili na nusu kunisindikiza, kama tulivyopatana. Akanikuta nimevaa kanga na kizibao cha kung'aa, kishikwambi mkononi. Alifungua mdomo, akaufunga. Tukaanza na kaya iliyo jirani.

Sasa, sensa haimhesabu mtu kwa pale anapoishi. Inauliza umelala wapi.

"Bibi, nani na nani walilala katika kaya hii usiku wa kuamkia leo?"

"Mimi na wewe. Au kuku nao mnaandika?"

"Kuku bado, Bibi." Nikameza mate, maana swali lililofuata nililijua. "Huyu mtu wa pili... ana uhusiano gani na mkuu wa kaya?"

"Andika mume."

Mwenyekiti aligeuka akawa anautazama ule mdalasini kwa makini sana, mabega yanatikisika. Mimi nikaandika.

"Umeandika?"

"Nimeandika, Bibi."

"Nisomee."

"Si... si ndugu. Mgeni."

"Mgeni!" Bibi akapiga makofi. "Mwenyekiti, umesikia? Kanga yangu kaivaa, na mimi mgeni kwake!"

Nyuma ya ua watoto wakapaza sauti, krrr, krrr, ikapanda ngazi kwa ngazi.

Oktoba ile matokeo yalitangazwa: Watanzania tulikuwa 61,741,120. Nimewahi kujiuliza ni wangapi kati yao walihesabiwa wakiwa ndani ya kanga ya mkuu wa kaya. Mmoja namjua.