Geuza Mashine, Soma Nyuma

Kwetu Gungu, hapa Kigoma, kila taarifa ya habari ya saa mbili usiku ilipoanza mama alikuwa na swali moja: "Amesema nini?" Tulikuwa na sabufa kubwa yenye taa za bluu, ile ya spika tano ndogo na boksi la besi. Muziki ukipigwa, vikombe vilicheza kabatini. Lakini msomaji wa habari alisikika kama mtu anayeongea akiwa ndani ya pipa. Mama akiuliza, mmoja wetu anarudia sentensi, na wakati anarudia, sentensi inayofuata imeshapita. Tulisikiliza habari hivyo miaka mingi na kila mtu aliamini kwamba tatizo ni masikio ya mama.

Sasa ni mwaka wa tatu tuna risiva. Sisemi king'amuzi cha dishi, nasema ile mashine nzito ya homu thieta inayopokea sauti ya runinga, king'amuzi na simu, ikaigawa kwa spika tano na sabufa, yaani boksi la besi. Yetu ni Yamaha RX-V385, iliyotoka mwaka 2018, ya ngazi ya chini kabisa katika safu yake. Nimeishi nayo, na nimekwenda kuwatembelea wenzangu wanne wenye mashine za daraja hilo, wawili hapa mjini na wawili Ujiji, nikasikiliza za kwao na kuwauliza wanazionaje. Nimetoka na jambo moja ninalotaka kulisema kwa nguvu zangu zote: watu wetu wanauziwa wati, wakati wanachokosa sebuleni ni maneno.

Kabla ya kununua nilizunguka maduka ya Mwanga siku mbili. Duka moja nilionyeshwa homu thieta mpya, boksi lake limeandikwa kwa herufi nyekundu PMPO 12,000W, yaani eti kilele cha nguvu ya sauti yake ni wati 12,000. Nikamwomba kijana wa duka aigeuze. Akasita kidogo, akaigeuza. Nikawasha tochi ya simu. Nyuma, chini ya matundu ya kuchomeka waya, palikuwa na kibandiko cha rangi ya fedha chenye maandishi madogo kama ya kwenye chupa ya dawa: AC 220-240V, 50Hz, 65W. Nikamwonyesha. Akanijibu kwa upole, "Kaka, hiyo ya nyuma ni ya umeme, ya mbele ndiyo ya sauti." Hakuwa na nia ya kunidanganya. Naye ndivyo alivyoambiwa na aliyemletea mzigo.

Lakini sauti haitoki hewani. Kila wati inayofika kwenye spika imeingia kwanza kupitia soketi ya ukutani, na nyingine nyingi zimepotea njiani zikawa joto. Plagi yetu ya pini tatu imetengenezwa kubeba ampea 13. Zidisha kwa volti 230, unapata wati 2,990. Ukiikamua soketi yote, bila kuacha kitu, hufikishi hata 3,000. Kibandiko cha nyuma nacho, ili nisimwonee mtu, hakiwekwi kuonyesha kilele cha mashine. Kwa kawaida hupimwa ikiwa inafanya kazi ya wastani, kwa hiyo muziki ukipanda ghafla inaweza kuvuka hapo. Ila kati ya 65 na 12,000 hakuna maelezo ya kweli yanayoweza kujaza pengo hilo. PMPO haina kanuni, kila mtengenezaji hujihesabia apendavyo. Marekani walichoshwa na mchezo wa namna hii mapema, wakaweka kanuni mwaka 1974 ya jinsi ya kutangaza nguvu za amplifaya (mashine za kukuza sauti) za nyumbani, na mwaka 2024 wakaikaza tena. Sisi tunasoma boksi na kulipa.

Na hata wanaosema kweli wana kweli zaidi ya moja. Risiva yangu ni ya wati 70 kwa chaneli, yaani kwa kila njia ya spika, ikipimwa chaneli mbili zikilia pamoja, sauti zote kuanzia hezi (mitetemo kwa sekunde) 20, za besi, mpaka 20,000, kwa spika za omu 6, omu ikiwa kipimo cha jinsi spika inavyozuia umeme. Ipime kwa chaneli moja tu na mlio mmoja wa hezi 1,000, inakuwa 100. Iache ikwaruze mpaka upotofu wa asilimia 10, inakuwa 135. Mashine ni ileile, haijafunguliwa hata skrubu. Mwalimu mmoja wa Katubuka alikuwa anasikitika kwamba risiva ya rafiki yake "ina nguvu mara mbili" ya yake. Tulipokaa na vitabu viwili vya maelezo mezani, tukakuta moja imepimwa kwa njia ngumu na nyingine kwa njia rahisi. Zilikuwa karibu sawa.

Halafu sikio lenyewe halihesabu kama duka linavyohesabu. Kutoka wati 70 hadi 100 unaongeza desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) moja na nusu tu, kiasi ambacho wengi hawatakitambua. Ukitaka sauti isikike kama imekuwa mara mbili, unahitaji desibeli kumi, yaani wati mara kumi. Ndiyo maana spika ina uzito kuliko watu wanavyodhani: spika inayotoa desibeli 89 kwa wati moja inakupa kile ambacho spika ya desibeli 86 itakupa kwa kulishwa wati mbili. Katika sebule ya kawaida ya hapa kwetu, ukiangalia habari au tamthilia, mashine inatumia wati chache sana. Zilizobaki ni akiba ya pale ngoma inapodunda.

Basi maneno yanatoka wapi? Yanatoka kwenye spika ya kati, ile inayolazwa chini ya runinga. Hii ndiyo spika ninayoitetea. Sinema yenye sauti ya chaneli tano huweka mazungumzo mengi hapo. Na hata king'amuzi kikileta sauti ya chaneli mbili tu, risiva inaweza kuchuja kile kilicho sawa kushoto na kulia, ambacho mara nyingi ni mtu anayeongea, na kukipeleka katikati; kazi hiyo inafanyika majumbani tangu enzi za teknolojia ya Dolby Pro Logic ya mwaka 1987. Unachofanya ni kuingia kwenye mipangilio na kuipandisha spika ya kati desibeli mbili au tatu, huku muziki na makofi vikibaki pale vilipokuwa. Nilipofanya hivyo mara ya kwanza, mama alikaa kimya taarifa nzima. Nikadhani amesinzia. Nikageuka kumtazama, nikakuta macho makavu yapo kwenye runinga, mkono umeshika shavu. Ilipofika habari za michezo akasema, "Huyu kijana anasoma vizuri." Alikuwa ni msomaji yuleyule wa miaka yote.

Kati ya wenzangu wanne, watatu walikuwa hawajawahi kutumia maikrofoni iliyokuja ndani ya boksi. Mmoja alikuwa amempa mtoto achezee. Maikrofoni hiyo unaiweka pale unapokaa, kwenye usawa wa masikio, risiva inapiga milio spika moja baada ya nyingine na kupima kila spika iko mbali kiasi gani na inalia kwa nguvu gani. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde, hivyo spika iliyo mita moja karibu zaidi inawahi kwa karibu sehemu tatu za elfu moja za sekunde, na mashine inaichelewesha ili zote zifike pamoja. Inataka utulivu. Mimi nilijaribu mchana, jogoo akawika, ikagoma. Nikarudia saa tano usiku, feni imezimwa, watoto wamelala, jirani amefunga redio yake, nikapata vipimo safi. Zoezi halikuzidi dakika tano, na tofauti yake niliisikia wazi.

Sasa nisimulie ya shangazi yangu wa Ujiji, kwa sababu ndiyo lalamiko ninalolisikia kuliko yote: "Inazima yenyewe." Risiva yake ilikuwa inalia saa moja, kisha tap, kimya. Alishaipeleka kwa fundi mara mbili, na mara zote fundi aliiwasha kwenye meza yake ikalia siku nzima. Nilipoingia sebuleni kwake nikaona sababu kabla sijakaa. Juu ya risiva palikuwa na kitambaa cheupe cha kufuma, chenye maua ya njano pembeni, kimetandikwa vizuri mpaka kikashuka ubavuni, na juu yake king'amuzi, na juu ya king'amuzi kitambaa kingine kidogo. Nikaingiza kiganja chini ya kitambaa. Bati lilikuwa la moto kama pasi inayosubiri nguo. Matundu yale ya juu ndiyo pua ya risiva. Moto ukizidi, mashine inajizima ili isiungue. Kwa fundi haikuwa na kitambaa, ndiyo maana ilipona.

Kumwambia ilikuwa kazi. Kitambaa alikifuma mwenyewe, na sebule isiyo na vitambaa kwa mama wa Ujiji ni sebule isiyo na mwenyewe. Nikamwambia, "Shangazi, tukitandike chini yake, maua yaonekane mbele." Akafikiri, akakitoa. King'amuzi tukakihamishia pembeni, juu ya risiva tukaacha nafasi wazi ya shubiri moja. Haijazima tena tangu Machi.

La pili linauma zaidi. Ndugu yetu mmoja aliletewa risiva kutoka Marekani, zawadi ya kijana wake. Nyuma imeandikwa 120V, 60Hz. Akanunua adapta ya plagi, akachomeka. Adapta inabadili umbo la pini, haigusi volti. Ikapiga mlio mmoja, harufu ikajaa chumba, ikawa basi. Mashine iliyopewa karibu mara mbili ya volti zake inavuta nguvu nyingi kupita uwezo wake, hakuna inachoweza kufanya. Mitumba ya Japani ni hatari zaidi, kule ni volti 100. Transfoma ya kushusha umeme ingeiokoa, na si lazima iwe jitu: risiva ya daraja hili imeandikwa kama wati 260 nyuma, transfoma ya wati 500 inaitosha. Zawadi ya mtoto, imesafiri bahari nzima na kupita reli mpaka mwisho wake hapa Kigoma, ikafa kwa sababu hakuna aliyesoma maneno mawili.

Umeme wetu nao una historia yake. Mkoa huu uliishi miaka mingi kwa jenereta za dizeli kabla ya kufikiwa na gridi ya taifa, na wengi wetu bado tuna tabia ya enzi hizo: umeme ukikatika, kila kitu kinaachwa kwenye soketi kikisubiri urudi. Unaporudi, mara nyingi unarudi kwa kishindo. Mimi nachomoa. Nimeweka pia kilinda-umeme kinachosubiri dakika kadhaa kabla ya kuruhusu umeme kupita, nacho ni rahisi mno ukilinganisha na kile kinachokilinda.

Kuna mambo ambayo risiva hii hainifurahishi. Haina intaneti, muziki wa simu unapita kwa Bluetooth tu. Tundu la sabufa linatoa ishara tu bila nguvu, kwa hiyo inataka sabufa yenye amplifaya yake ndani; jirani yangu mwenye banda la mpira alichomeka boksi la besi lisilo na amplifaya, akasubiri, akanipigia simu kwamba ameuziwa mbovu. Menyu zake zinachosha. Na bei, pamoja na spika, inazidi sana ile ya sabufa ya boksi jekundu. Simlaumu mtu anayenunua anachokiweza. Ninachokataa ni aliyeiweza risiva kukimbilia lile boksi kwa sababu ya tarakimu, halafu spika moja ya plastiki ikifa anakuta waya wake una kichwa ambacho hakuna spika nyingine mjini inayokiingia. Risiva inakubali spika yoyote yenye omu zinazofaa. Za mbele kwangu ni za zamani, nilizipata kwa mtu aliyekuwa anahama kurudi Tabora, za mbao, mbovu kwa sura, na zinalia vizuri mno.

Mvua haiwezi. Hilo niliseme wazi. Masika yakipiga juu ya bati lisilo na dari, hakuna spika ya kati wala desibeli itakayokusaidia, tunazima na kusubiri. Mama husema ni wakati wa kunywa chai.

Mwalimu wa Katubuka amekusanya fedha za spika ya kati na anataka nimsindikize Jumamosi. Tutaanzia lile duka la Mwanga, kwa kijana yule mpole. Nimemwambia mwalimu aje na rimoti yake, flashi yenye taarifa ya habari iliyorekodiwa, na simu yenye chaji ya tochi.