Mfungo, Futari na Seli Shina za Utumbo

Kila Ramadhani inapokaribia hapa Unguja, hurejea ubishi baina ya wanaosema kuwa kufunga huujenga upya utumbo na wanaoonya, kwa kutaja utafiti uliochapishwa mwaka 2024 katika jarida la Nature, kwamba mfungo huchochea saratani. Wa kwanza wana ushahidi: mwaka 2018 maabara ya Omer Yilmaz, katika chuo cha MIT nchini Marekani, ilionyesha kuwa seli shina, yaani seli zinazozalisha seli nyingine, za utumbo wa panya waliokaa saa 24 bila kula zilianza kuunguza mafuta badala ya sukari, na uwezo wake wa kuzalisha seli mpya ukaongezeka. Huo wa 2024 ulitoka maabara hiyo hiyo, na naona pande zote mbili zimeusoma vibaya.

Seli shina hukaa chini kabisa ya vishimo vidogo mno vilivyomo katika ukuta wa utumbo, zikigawanyika mfululizo na kuzisukuma juu seli changa mpaka zipukutike, hata utando wote ukawa mpya kwa siku 3 hadi 5. Panya waliponyimwa chakula saa 24, mgawanyiko huo ulififia. Walipoachiwa kula kwa saa 24 zilizofuata, ulipanda ukawapita hata panya ambao hawakunyimwa kamwe, kwa kuwa chakula kiliamsha mfumo uitwao mTOR, unaohimiza seli kukua, na seli zikatengeneza kwa wingi poliamini, kemikali zinazosaidia kuunda protini. Yaani ujenzi hushamiri mlo unaporudi, si wakati wa njaa. Jeni inayozuia saratani ilipozimwa katika saa hizo za kula, vivimbe vinavyoweza kugeuka saratani vilitokea kwa wingi zaidi kuliko ilipozimwa wakati wa njaa.

Jeni hiyo, tuzingatie, waliizima watafiti wenyewe; na panya asiyekula saa 24 hupoteza sehemu ya kumi ya uzito wake au zaidi, ilhali funga yetu, tangu alfajiri hadi magharibi, ni ya saa 13 hivi. Kuwatisha wafungaji kwa matokeo hayo ni kuwaonea. Lakini anayeusifu mfungo peke yake naye anaruka nusu ya habari, kwani Yilmaz alitaja nyama iliyoungua kuwa mfano wa kitu kinachoweza kuharibu jeni wakati seli zinagawanyika kwa kasi, nasi mishkaki yenye kingo nyeusi tunaila usiku ule ule wa futari. Linalostahili kujadiliwa ni sahani ya baada ya adhana ya magharibi, tena bila hofu, maana ni kasi hiyo hiyo ya ujenzi iliyowasaidia panya waliojeruhiwa utumbo kwa mionzi kupona vizuri zaidi.