Namba peke yake haimtaji mwenyewe
Eti kibati cha utambulisho cha askari wa Uingereza wa Vita vya Kwanza vya Dunia kilichookotwa shambani Mahiwa, Lindi, kina namba, basi mwenyewe atajulikana upesi. Si kweli. Kabla ya 1920 kila rejimenti (kikosi kikubwa) ya jeshi la Uingereza ilitoa namba zake yenyewe, kwa hiyo namba moja huweza kuwa ya watu wengi. Someni kwanza jina la kikosi, ndipo mtafute kwenye orodha ya waliokufa vitani ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Na msikisugue kwa mchanga, maandishi yatafutika! Sisi wa Nyangao maganda ya risasi za mapigano ya Oktoba 1917 tunayafukua tukipalilia mikorosho. Kinachoniuma ni wapagazi wetu, waliobeba mizigo ya majeshi vitani; maelfu walikufa na wengi hawana kaburi lenye jina. Kuna ukoo huko Mtama au Ndanda unaowakumbuka wa kwao?